Jinsi ya Kusoma DNA Bila Maabara: Herufi 90, Kafe na Saa Moja



Neno DNA siku hizi kila mtu analo mdomoni. Ukisikia kijiweni watu wanasema "hawa wakapimwe DNA", ujue kuna mtoto anatafutiwa baba. Hapa Tanzania tuna hata sheria ya mambo ya vinasaba vya binadamu, ya mwaka 2009, na kazi ya kusimamia vipimo hivyo wamepewa watu wa Mkemia Mkuu wa Serikali. Sasa mshike huyo huyo anayepiga kelele kijiweni umuulize: je, siku ambayo hakuna kesi ya mtoto, hiyo DNA inafanya kazi gani mwilini mwako? Atakuangalia tu.

Simlaumu. Somo lenyewe linafundishwa kwa maneno matupu. Moyo wa ng'ombe unaweza kuupasua mezani ukaonyesha mishipa. Ua unaweza kulichuma nje ya darasa. Lakini DNA ni ndogo mno, hata darubini ya shule haikuonyeshi herufi zake. Kwa hiyo mwalimu anachora ngazi iliyojisokota ubaoni, mwanafunzi anakariri "A na T, C na G", anajibu mtihani, anasahau. Mimi nimemaliza sekondari kwa mtindo huo huo wa ubao na chaki, na najua wengi mnaosoma hapa mko kwenye mtumbwi huo huo, au mna wadogo zenu wamo.

Habari njema ni kwamba vifaa vya kujifunzia mambo haya vimejaa kwenye intaneti, vya bure kabisa, na baadhi ni vile vile wanavyotumia wanasayansi wenyewe. Sitawapa orodha ya tovuti hamsini ambazo hamtazifungua. Nachukua ugonjwa mmoja tunaoujua wote, selimundu, halafu tunaufuata kwa kutumia tovuti chache, hatua kwa hatua. Ukiwa na saa moja ya kafe inakutosha kuanza.

KWANZA, KWA NINI NI BURE?

Najua wabongo tukisikia bure tunashtuka. Iko hivi. DNA ya binadamu ina herufi kama bilioni 3. Kazi ya kuzisoma zote ilianza mwaka 1990, ikatangazwa kukamilika 2003, na vipande vigumu vilivyobaki vikasomwa mpaka 2022. Mwaka 1996 wakuu wa mradi ule walikutana kisiwani Bermuda wakakubaliana kwamba kinachosomwa kiwekwe hadharani ndani ya saa 24, mtu yeyote akitumie. Si mali ya kampuni. Ndiyo maana leo wewe wa Mbagala au Kisumu unafungua ghala lile lile analofungua profesa wa London, na hakuna anayekuuliza kitambulisho.

Ghala lenyewe linaitwa GenBank, lipo tangu 1982, na linatunzwa na kituo cha NCBI cha serikali ya Marekani.

HATUA YA 1: ZIONE HERUFI ZENYEWE

Hizi hapa chini ni herufi 90 za mwanzo za maelekezo ya kutengeneza himoglobini, ile protini nyekundu ya damu inayobeba oksijeni. Kwa usahihi zaidi ni sehemu ya himoglobini inayoitwa beta. Jeni yake inaitwa HBB na inakaa kwenye kromosomu namba 11. Unayo wewe, ninayo mimi.

ATGGTGCATCTGACTCCTGAGGAGAAGTCTGCCGTTACTGCCCTGTGGGGCAAGGTGAACGTGGATGAAGTTGGTGGTGAGGCCCTGGGC

Usiogope. Hiyo si lugha ya wachawi. Mwili unaisoma herufi tatu tatu, na kila tatu zina maana. ATG maana yake "anzia hapa". Zinazofuata kila tatu zinataja asidi amino moja ya kuunga kwenye mnyororo wa protini, kama mtu anayetunga shanga: weka nyekundu, weka nyeupe, weka nyekundu tena. Herufi ziko nne tu, lakini ukizipanga tatu tatu unapata maneno 64. Matatu kati ya hayo yanasema "simama", yaliyobaki yanataja asidi amino 20. Hesabu haijakosewa: asidi moja inaweza kuwa na maneno zaidi ya moja, kama sisi tunavyosema pesa, hela na fedha.

HATUA YA 2: ZITAFSIRI

Kopi hizo herufi 90, kisha fungua web.expasy.org/translate. Hii ni tovuti ya Waswisi, Expasy, iliyoanza mwaka 1993 wakati wengi wetu hatujazaliwa au tuko vidudu. Pesti herufi kwenye kile kisanduku, bonyeza kitufe cha kutafsiri. Itakuletea majibu sita, kwa sababu kompyuta haijui uanzie kusoma herufi ya ngapi wala upande upi. Wewe angalia la kwanza kabisa. Litaanza hivi:

M V H L T P E E K

Kila herufi hapo ni asidi amino moja. Sasa rudi kwenye herufi zako 90, hesabu mpaka ya 20. Ni A, iko katikati ya neno GAG. Ifute, weka T. Neno linakuwa GTG. Tafsiri tena. Utapata:

M V H L T P V E K

Umeona? E moja imekuwa V. Basi, ugonjwa wa selimundu ndio huo. Herufi moja kati ya bilioni 3. Mtu aliyerithi hiyo T kutoka kwa baba na kwa mama, damu yake yote inatengenezwa kwa maelekezo hayo.

Kwa wanaojiandaa na mtihani, hapa pana mtego. Vitabu vingi vinasema badiliko liko kwenye asidi amino ya sita, na wewe ukihesabu hapo juu unapata ya saba. Vyote ni sawa. Ile M ya mwanzo mwili huikata baada ya kuanza kazi, kwa hiyo protini iliyokamilika inahesabiwa kuanzia V. Mwalimu akikubishia mwonyeshe.

HATUA YA 3: ULIZA NI ZA NANI

Tuseme umeokota herufi hizo njiani, hujui ni za mtu, za mbuzi au za mchicha. Utafanyaje? Hapo ndipo inapoingia BLAST, programu iliyotangazwa mwaka 1990 na ambayo wanabiolojia hawaishi kuitumia. Nenda blast.ncbi.nlm.nih.gov, chagua Nucleotide BLAST, pesti herufi 90, shuka chini bonyeza BLAST. Subiri kidogo, inategemea foleni na kasi ya kafe yako.

Kinachotokea ni sawa na kutafuta kitu Google, isipokuwa badala ya maneno unatafuta kwenye ghala la DNA za viumbe. Utaletewa orodha ndefu. Majina ya Homo sapiens, yaani sisi, yatakuwa yamejaa. Kuna safu ya asilimia inayoonyesha zimefanana kiasi gani, na safu ya E inayokuambia ni mara ngapi ungetegemea kupata mfanano kama huo kwa bahati tu. Ikiwa karibu na sifuri, ujue si bahati nasibu.

Shuka na orodha, utakutana na jamaa zetu wengine. Mmojawapo ni sokwe, wale wale wa Gombe kule Kigoma. Hii mimi iliniacha mdomo wazi: ukichukua protini nzima ya beta ya mtu na ya sokwe, asidi amino zote 146, hakuna hata moja inayotofautiana. Kwenye mambo mengine tunatofautiana sana tu, ila kwenye hii tumelingana.

Ukurasa huo huo una kisanduku cha kutiki kinachokuruhusu kulinganisha mifuatano miwili. Weka ya kawaida upande mmoja na ile uliyoibadilisha upande wa pili. Itakupa jibu la 89 kwa 90, na itakuonyesha palipoachana. Mwalimu akifanya zoezi hili mbele ya darasa kwa kompyuta moja na projekta, maana ya neno "mutesheni" inaeleweka kwa dakika tano.

HATUA YA 4: ITAZAME PROTINI

Sasa swali: kwa nini herufi moja imtese mtu namna hiyo? Fungua pdb101.rcsb.org. Hii ni sehemu ya elimu ya hifadhi ya maumbo ya protini inayoitwa Protein Data Bank. Ilianza mwaka 1971 ikiwa na maumbo saba tu, leo yamepita laki mbili. Humo kuna makala zinazoitwa Molecule of the Month, zinazotoka kila mwezi tangu Januari 2000, nyingi zikiwa na picha za kuchora za David Goodsell, mwanasayansi ambaye pia ni msanii. Tafuta ya himoglobini.

Utaona himoglobini ni vipande vinne vimekumbatiana. Ile asidi ya kawaida, E, ina chaji hasi na inapenda maji, kwa hiyo inakaa nje ya protini kwa raha. Ile V iliyochukua nafasi yake inayakwepa maji kama mafuta. Damu ikishaachia oksijeni, hiyo V inatafuta pa kujificha, inajibanza kwenye himoglobini ya jirani, na jirani naye kwa mwingine. Zinajipanga kuwa nyuzi ndefu ngumu ndani ya seli. Seli iliyokuwa mviringo laini inavutwa inakuwa kama mundu, na ndiko jina selimundu lilikotoka. Seli za hivyo zinakwama kwenye mishipa midogo, ndiyo yale maumivu makali ya mifupa, na zinakufa mapema, ndiyo ile kukosa damu kila mara. Kutoka herufi ya 20 mpaka mtoto analia usiku, umeufuata mnyororo wote mwenyewe.

HATUA YA 5: INGIA MAABARA YA BANDIA

Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, kina tovuti ya learn.genetics.utah.edu. Humo kuna maabara za bandia ambapo unashika vifaa kwa kipanya. Mbili ndizo za kuanzia.

Ya kwanza ni PCR, njia aliyoibuni Kary Mullis mwaka 1983, akapata Nobel mwaka 1993. Neno hili mlilisikia sana enzi za Korona mwaka 2020. Ni mashine ya kutoa kopi za DNA: unaipasha mpaka nyuzi joto 95 nyuzi mbili za DNA zinaachana, unaipoza, kimeng'enya kinajenga upya, kopi moja imekuwa mbili. Rudia. Mizunguko 30 inatoa zaidi ya kopi bilioni moja kutoka moja. Usiniamini mimi, chukua kikokotoo, anza na 1, uzidishe kwa 2, rudia hivyo mara thelathini.

Ya pili ni kutenganisha DNA kwenye jeli kwa umeme. DNA ina chaji hasi, kwa hiyo inakimbilia upande chanya. Vipande vidogo vinapenya haraka vinafika mbali, vikubwa vinachelewa. Kama msafara sokoni Kariakoo: mtoto anapita katikati ya watu, mwenye mkokoteni anakwama.

Na hapa narudi kwenye selimundu, kwa sababu jeli hii ina ndugu yake hospitalini. Kuna kipimo cha haraka cha selimundu ambacho kinakuambia tu kwamba himoglobini S ipo. Hakikuambii kama wewe ni mgonjwa, yaani SS, au ni mbebaji, AS, ambaye mara nyingi hana dalili yoyote. Cha kutofautisha ni kile cha kupitisha himoglobini kwenye umeme. Kwa kuwa himoglobini S imepoteza ile chaji hasi ya E, inatembea polepole kuliko ya kawaida. Wa AS anaonyesha mistari miwili, wa SS hana kabisa ule wa kawaida. Ukishacheza ile maabara ya bandia, karatasi ya majibu ya hospitali hutaiona tena kama siri ya daktari.

HATUA YA 6: KWA NINI HUKU KWETU?

Tanzania ni moja ya nchi zinazozaliwa watoto wengi zaidi wenye selimundu duniani. Kwa nini sisi? Ingia biointeractive.org, tovuti ya taasisi ya HHMI, tafuta filamu fupi ya The Making of the Fittest inayohusu selimundu na malaria. Inamwonyesha Tony Allison, daktari aliyekulia Kenya. Mwaka 1949 alipima damu za watu Kenya akagundua wabebaji wengi wako pwani na kando ya Ziwa Viktoria, na milimani ni wachache sana. Akajiuliza kuna nini pwani na ziwani ambacho milimani hakuna? Mbu. Mwaka 1954 akachapisha ushahidi kwamba mwenye AS anakingwa na malaria kali. Yaani hiyo herufi T imebaki kwetu kwa sababu ilikuwa inaokoa watoto. Haihusiani na laana wala mtu kulogwa, na haihusiani na ukoo fulani kuwa na damu mbaya. Filamu ni kama robo saa, na ni simulizi la kwetu, limetokea kwenye ardhi yetu.

MAMBO YA KAFE

Sasa ushauri wa mfukoni.

Moja, tovuti nyingi za zamani za kufundishia DNA zilitengenezwa kwa Flash. Adobe waliiacha Flash tarehe 31 Desemba 2020, kwa hiyo ukifungua ukurasa wa zamani ukaona kisanduku cheusi, kompyuta ya kafe haina kosa. Wengi walishahamisha kazi zao kwenye mfumo mpya. Mfano Utah.

Mbili, kama bando linakubana, nenda phet.colorado.edu, mradi wa Chuo Kikuu cha Colorado ulioanzishwa mwaka 2002. Tafuta Gene Expression Essentials. Unavuta vimeng'enya kwa kipanya, unasoma jeni, unatengeneza protini. Uzuri wake, unaidanlodi ikiwa faili moja, unaiweka kwenye flashi, ile ya kuchomeka, unaenda kuifungulia nyumbani au shuleni bila intaneti. Na baadhi ya michezo ya PhET imeshatafsiriwa kwa Kiswahili.

Tatu, kwa walimu na wale wa tuisheni: kuna programu ya bure inayoitwa Kolibri. Inabeba masomo ya video na mazoezi kwenye kompyuta moja, wengine wanaunganishwa nayo bila intaneti. Shule isiyo na mtandao inaweza kupakiwa mjini ikarudishwa kijijini.

Nne, vitendo vya jikoni. Utah hao hao wana maelekezo ya kutoa DNA kwenye chakula. Ponda ndizi na maji yenye chumvi kidogo, tia sabuni ya maji ya vyombo, koroga taratibu, chuja kwa chujio la chai, halafu mimina juu yake polepole spiriti kali ya baridi sana. Vile vitu vyeupe kama makamasi vinavyopanda ni DNA. Iliyochanganyika na mambo mengine, lakini ni yenyewe. Kaeni mbali na moto, spiriti inawaka, na mchanganyiko msiunywe.

MSICHOPATA HUMO

Nisiwadanganye. Karibu vyote hivi viko kwa Kiingereza, na kamusi itabidi iwe pembeni. Havifuati mtihani wetu ukurasa kwa ukurasa. Na la muhimu kuliko yote: BLAST haipimi damu yako. Kujua herufi ya 20 hakukuambii wewe una A au T pale. Hilo ni la hospitali.

Ndiyo maana nimechagua selimundu na sikuchagua mfano wa mbaazi za Mendel. Wasomaji wengi hapa mna umri wa miaka 18 mpaka 30, umri wa uchumba. Wawili wote wakiwa AS, wazima wa afya, hawana hata homa, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto SS. Kila mimba, siyo kwamba wa kwanza akiumwa watatu wanaofuata wamesalimika. Mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kwanza duniani ya kuhariri jeni kwa ajili ya selimundu, Casgevy, lakini bei iliyotangazwa Marekani wakati huo ilikuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Kipimo cha kujua wewe ni nani, AA au AS, ni karatasi moja kabla ya posa.

Sisemi watu waachane. Nasema wajue, halafu waamue wawili wakiwa na macho wazi. Watu tunapima nyota na tunauliza ukoo, hiki nacho tukiulize.

Haya, uwanja ni wenu. Aliyejaribu zile herufi 90 atuambie BLAST ilimletea nini na kafe yake ilichukua muda gani. Walimu wa bailojia mliomo humu, karibuni mtupe uzoefu wenu. Na kama kuna mdau anajua tovuti nzuri ya mambo haya kwa Kiswahili, aiweke hapo chini kwenye maoni tuifaidi wote.

Tuko pamoja.